DJ wangu amenunua nyimbo zake zote: mbona klabu bado inadaiwa mirabaha?

Swali: "Wakili, nina klabu ndogo Mtwapa, inachukua watu kama 150. Ijumaa hadi Jumapili nina DJ wangu anayefanya kazi na laptopu na kontrola, hana CD hata moja. Nyimbo nyingi amezinunua mtandaoni, nyingine hutumiwa na wasanii wenyewe kwa WhatsApp, na akikosa wimbo anafungua programu ya kutiririsha muziki kwenye akaunti yake ya kulipia. Nimelipa kibali cha biashara cha kaunti na leseni ya pombe. Mwezi uliopita walikuja watu wawili na ankara ya mirabaha. Walisema nisipolipa kwa siku 14 watarudi na polisi, na mmoja akaniachia namba yake ya simu nitume pesa. DJ anasema ana leseni yake ya DJ, kwa hivyo mimi sidaiwi. Rafiki yangu anasema sisi hucheza zaidi nyimbo za Nigeria na Marekani, hao wa Nairobi haziwahusu. Tena kila Jumamosi tunarusha mikisi mubashara Facebook na imekatwa mara mbili. Nani anadaiwa nini hapa? Na hizo pesa humfikia msanii kweli?"

Jibu:

Ndugu yangu, usitume hata shilingi kwenye ile namba ya simu. Hilo ulishike kwanza, kabla hatujagusa sheria. Ankara yenyewe huenda ikawa halali kabisa, na nitakueleza namna ya kujua, lakini mirabaha, yaani malipo ya wenye haki za nyimbo, hailipwi kwenye simu ya mtu binafsi.

Ninavyokusoma, unaogopa kulipa mara mbili, au kumlipa asiyehusika, kisha pesa ziishie njiani na mwimbaji abaki mikono mitupu. Ni hofu ya haki, na sikulaumu. Wenye klabu wengi wa Pwani wananiletea hofu hiyo hiyo. Lakini ndani ya swali lako kuna mambo manne au matano uliyoambiwa ambayo si kweli, na yakikuongoza yatakufikisha kortini. Twende nayo polepole.

Anza na wimbo wenyewe. Chukua wimbo mmoja wa chakacha ambao DJ wako huuweka saa sita za usiku watu wakishajaa ukumbini. Kuna mtu aliyetunga maneno na lahani. Kuna aliyeimba, na waliopiga ngoma na zumari. Kuna aliyegharamia studio na anayeimiliki ile rekodi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, pamoja na marekebisho yake, inawapa wote hawa haki, kila mmoja kwa fungu lake. Ndiyo maana kwa miaka mingi umesikia majina matatu ya vyama vya kukusanya mirabaha: MCSK kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapiga ala, KAMP kwa wazalishaji wenye rekodi. Watu huuliza kwa hasira mbona wimbo mmoja unadaiwa na vyama vitatu. Sababu ndiyo hiyo: wimbo ni mmoja, wenyewe ni watatu.

Utaielewa vizuri ukifikiria bendi. Bendi ikija klabuni kwako na kuimba wimbo huo moja kwa moja, rekodi haijaguswa. Kilichotumika ni utunzi peke yake. DJ akiuweka kutoka kwenye laptopu, utunzi, uimbaji na rekodi vimetumika kwa mpigo mmoja. Nchi hazikubaliani jinsi ya kulilipia hili. Marekani, klabu hulipia utunzi tu, kupitia vyama kama ASCAP na BMI; mwimbaji na mwenye rekodi hawapati kitu wimbo wao ukipigwa klabuni. Kwetu, marekebisho ya mwaka 2012 yaliweka wazi kwamba waimbaji na wazalishaji nao wana haki ya malipo rekodi yao inapopigwa hadharani. Mimi naona Kenya ilifanya sawa. Sauti inayowainua watu vitini ni ya mwimbaji, na wengi wa waimbaji wetu si wao waliotunga.

Sasa tuje kwa lile la kwanza uliloambiwa, kwamba wimbo ukishanunuliwa umeisha. Ukinunua kanga sokoni ni yako. Utaivaa, utaitoa zawadi, utaikata ushone mto. Lakini huwezi kupeleka mchoro wake na jina lake kiwandani uchapishe nyingine uuze. DJ wako aliponunua ule wimbo mtandaoni, alinunua nakala ya kusikiliza. Haki ya kuucheza mbele ya watu 150 waliolipa kiingilio na wanaonunua vinywaji haikuwamo kwenye bei ile, na ukisoma masharti ya duka alilonunulia utaona yamesema hivyo. Sheria inatazama pale muziki unapofika masikioni mwa umma, haijali nakala ilipatikana vipi. Nakala halali ikipigwa hadharani bila idhini bado ni ukiukaji.

Kibali cha kaunti nacho hakihusiki hapa. Kaunti ya Kilifi imekupa ruhusa ya kufanya biashara na kuuza pombe, kwa sababu Katiba imeziachia kaunti mambo ya burudani za umma na leseni za pombe. Muziki ni mali ya mtu mwingine. Ibara ya 40(5) ya Katiba hiyo hiyo inaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu, na chombo kilichopewa kazi hiyo upande wa hakimiliki ni KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kaunti haiwezi kukupa ruhusa juu ya mali isiyo yake.

Kuhusu muziki wa nje, rafiki yako amekosea sana, na kosa lake ni la kawaida. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, mwaka 1993. Nigeria imo, Marekani imo. Maana yake ni kwamba mtunzi wa Lagos analindwa hapa kama mtunzi wa Malindi. Vyama vya watunzi vya nchi mbalimbali huwekeana mikataba: cha hapa hukusanya kwa niaba ya wa kule, na cha kule kwa niaba ya wetu. Ndiyo njia ya kawaida ambayo mtunzi wa Kenya anaweza kupata chochote wimbo wake ukipigwa London. Tukisema wa nje wasilipwe hapa, tumewafungia wetu mlango huko.

Kuna jambo moja ambalo huenda likakusaidia kidogo, kwa kuwa klabu za Pwani hupiga taarabu za zamani. Hakimiliki ina mwisho. Kwa Kenya, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na haki ya rekodi inadumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hivyo taarabu iliyorekodiwa mwaka 1965, haki ya rekodi yake ilikwisha mwisho wa 2015. Lakini kama mtunzi wake alifariki 1990, utunzi unaendelea kulindwa hadi mwisho wa 2040. Wazee wengi waliotunga hizo nyimbo wameacha wajane na watoto, na hao ndio warithi wa haki hiyo. Klabu inayocheza nyimbo zilizokwisha muda tu ingeweza kukwepa ada, ila sijawahi kuiona klabu ya namna hiyo, na nadhani wateja wako hawangerudi.

Sasa DJ wako. Yeye hadanganyi, ila ameelewa nusu. Muziki wa kidijitali umezaa jambo ambalo zama za sahani za santuri halikuwepo. DJ wa zamani alibeba sanduku la sahani alizonunua. Sahani ile ile aliyoinunua ndiyo iliyozunguka. DJ wa leo ananakili. Anapakua wimbo, unakaa kwenye laptopu. Anaunakili kwenye diski ya akiba. Anautia kwenye fleshi ili auchomeke kwenye mashine ya klabu nyingine. Kila mojawapo ni nakala mpya, na haki ya kunakili ni haki tofauti na ile ya kucheza hadharani. Mfano mzuri uko Ujerumani. Chama chao cha watunzi, GEMA, kilianza Aprili 2013 kuwatoza madijei senti 13 za yuro kwa kila wimbo walionakili kwa ajili ya kuucheza hadharani, na wakati huo huo klabu iliendelea kulipa ada yake ya kucheza. DJ analipia nakala zake, klabu inalipia usiku wake. Hakuna aliyelipa badala ya mwenzake.

Hata hapa kwetu, leseni ya DJ inamfuata DJ. Inamfaa anapokwenda kupiga muziki kwenye harusi ya ukumbini au ufukweni. Leseni ya klabu inafuata jengo na biashara. Sheria inamwangalia anayesababisha wimbo uchezwe hadharani, na hapo ni wewe: wewe umenunua spika, wewe umemwajiri DJ, wewe ndiwe unayetoza kiingilio na kuuza soda na bia. DJ akiondoka kesho ukaleta mwingine, deni la klabu liko pale pale. Kwa hivyo mwombe DJ akuonyeshe leseni yake, isome imetolewa na nani na ya mwaka gani, tia nakala kwenye faili lako, kisha muandikiane mkataba hata wa ukurasa mmoja: leseni ya ukumbi ni yangu, leseni ya nakala zako ni yako, na hutacheza wimbo ulioupata kwa wizi. Bila karatasi hiyo, siku ya matatizo kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Ile programu ya kutiririsha aiache. Akaunti za kulipia za programu hizo zinatolewa kwa matumizi ya mtu binafsi yasiyo ya biashara. Masharti yake yanasema hivyo. Ulipe ada zote za mirabaha duniani, bado DJ atakuwa amevunja mkataba wake na kampuni ile, na akaunti inaweza kufungwa. Tena intaneti ikikwama katikati ya wimbo, ukumbi unanyamaza. Ziko huduma zilizotengenezwa kwa madijei, za kulipia kwa mwezi na kupakua nyimbo, na maduka yanayouza wimbo mmoja mmoja. Azitumie hizo.

Nyimbo za WhatsApp ni jambo la heri, kwa sababu msanii anataka wimbo wake usikike. Ila msanii aliyejiunga na chama amekwisha kukikabidhi chama haki ya kusimamia uchezaji wa hadharani, kwa hivyo "cheza tu, ndugu" yake haifuti ada. Na mara nyingi aliyekutumia ni mwimbaji. Mtunzi na mwenye studio hawajasema kitu.

Hapa tufike kwenye ankara, na nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Chama cha kukusanya mirabaha hakiruhusiwi kukusanya kwa sababu tu kimesajiliwa. Lazima kiwe na leseni ya KECOBO, na leseni hiyo ni ya muda, si ya milele. Mwaka 2017 KECOBO ilikataa kuipa MCSK leseni, ikakipa chama kingine kilichoitwa MPAKE, na mvutano ukafika mahakamani. Tangu hapo leseni zimekuwa zikibishaniwa mara kwa mara. Kwa hivyo usikariri majina. Chukua ankara yako, angalia chama kilichoitoa, kisha iandikie KECOBO au ipigie simu uulize: mwaka huu, chama hiki kina leseni ya kukusanya kwa niaba ya nani? Uombe jibu la maandishi. Swali hilo halimkosei mtu adabu. Ni haki yako, na ofisa wa kweli hatakasirika ukimwambia unaulizia.

Pili, angalia kiasi. Chama hakiwezi kujitungia bei. Kifungu cha 46A cha sheria kinataka jedwali la ada liidhinishwe na Waziri na lichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Ada isiyo kwenye jedwali hilo haidaiki. Omba nakala ya jedwali, utie kidole kwenye mstari wako. Soma ankara mstari kwa mstari kama unavyosoma bili ya stima. Jina la biashara ni lako? Umewekwa kundi gani: mkahawa wenye muziki wa chinichini, baa, au klabu ya kucheza dansi? Wameandika ukumbi unachukua watu wangapi? Wamekuhesabia kipindi gani? Wewe una nafasi ya watu 150 na unafungua siku tatu kwa wiki. Ankara nyingi ninazoletewa, kosa likiwepo, liko hapa: ukubwa umekadiriwa kwa macho mlangoni, au biashara iliyofunguliwa mwezi wa Juni imedaiwa tangu Januari. Pima ukumbi wako, toa karatasi ya kaunti au ya zimamoto inayoonyesha idadi ya watu, ambatisha tarehe ya kibali chako cha kwanza. Hoja za karatasi hushusha ankara kuliko kelele.

Tatu, malipo. Lipa kwa njia rasmi iliyoandikwa kwenye ankara kwa jina la chama, na KECOBO ikuthibitishie kwamba ndiyo. Upewe risiti na cheti cha leseni chenye jina la biashara na tarehe ya kwisha. Kibandike karibu na leseni ya pombe ili mkaguzi akiingia akione bila kuuliza. Ofisa akikwambia ukimpa nusu mkononi mambo yataisha, hayataisha. Atarudi, na huna risiti ya kumwonyesha mwenzake.

Kuhusu tisho la polisi. Ofisa wa chama si polisi wala hakimu. Peke yake hana mamlaka ya kubeba spika zako. Wakaguzi wa KECOBO ndio waliopewa na sheria mamlaka ya kuingia mahali pa biashara na kukagua, na polisi wanaweza kuandamana nao. Wakija, waombe vitambulisho, andika majina na saa, usifunge mlango wala usiwaachie baunsa. Wakichukua kitu, dai orodha iliyotiwa sahihi ya kila kilichochukuliwa, pamoja na namba za mashine.

Wala usidharau. Kucheza muziki hadharani bila idhini ni kosa la jinai Kenya, mbali na fidia ambayo wenye haki wanaweza kudai. Sheria inampa nafasi aliyetenda kwa nia njema bila sababu ya kudhani anakiuka haki ya mtu. Lakini hebu jiulize: tangu mwezi uliopita una ankara mkononi iliyokuambia kwa maandishi kwamba unahitaji leseni. Baada ya hapo ni vigumu sana kumwambia hakimu hukujua. Ndiyo maana ukimya ndio uamuzi mbaya kuliko yote uliyo nayo.

Ada ikikuonekea kubwa hata baada ya kurekebishwa, una njia mbili. Ya kwanza ni Jopo la Hakimiliki, lililoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya chombo cha zamani. Linasikiliza migogoro ya leseni na masharti yake. Kwa klabu ya watu 150, gharama ya wakili na muda huenda ikazidi unachobishania, na sitakuficha hilo. Ya pili ni umoja. Wenye mabaa na klabu wana vyama vyao, kama PERAK, na ada za jumla hujadiliwa na vyama, si na mtu mmoja. Huko Ujerumani, GEMA ilipotangaza mwaka 2012 jedwali jipya ambalo lingezipandishia klabu ada kwa kiasi kikubwa, tarehe 30 Juni klabu nyingi nchini zilizima muziki kwa dakika tano kupinga. Jedwali halikuanza kama lilivyotangazwa. Lilijadiliwa, likapelekwa kwa wasuluhishi, na klabu zikapewa miaka ya kuzoea kidogo kidogo. Walibishana juu ya kiasi. Wajibu wa kulipa hawakuukana, na nadhani ndiyo sababu walisikilizwa.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: pesa humfikia msanii?

Humfikia, lakini si kama inavyopaswa, na wasanii wamelalamika hadharani miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2019 kulizuka hasira nchi nzima pale wanachama wa MCSK walipogawiwa takriban shilingi 2,500 kila mmoja, mkubwa na mdogo sawasawa. KECOBO imekuwa ikisisitiza kwamba vyama viwafikishie wasanii asilimia 70 ya kinachokusanywa na gharama za ofisi zisizidi 30. Uendeshaji una lawama yake, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini iko sababu nyingine ambayo haisemwi: mara nyingi chama hakijui ni wimbo gani uliochezwa. Redio inaweza kutoa orodha. Klabu inalipa ada ya jumla, usiku unapita, na hakuna anayejua kwamba saa saba na robo Mtwapa ilisimama kwa wimbo wa kijana wa Kaloleni. Pesa isiyo na orodha itagawanywa kwa kukisia, au sawasawa kwa wote, au kwa kufuata orodha za redio, ambazo hazifanani na muziki wa klabu hata kidogo. Ulaya tatizo hili lilipokuwa kubwa walifunga kwenye baadhi ya klabu visanduku vya kunasa kinachopigwa ili majina yajulikane.

Wewe huhitaji kisanduku. DJ wako wa kidijitali anacho tayari ndani ya laptopu. Programu kama Serato, rekordbox na VirtualDJ huweka kumbukumbu ya kila usiku: wimbo gani, wa nani, ulianza saa ngapi. Inakaa kwenye sehemu ya historia, na kuitoa kama faili ni kazi ya dakika chache. Mwambie DJ mambo mawili. Kwanza asafishe majina ya nyimbo zake, maana wimbo uliotoka WhatsApp mara nyingi unaitwa AUD na msururu wa tarakimu, na jina hilo halimlipi mtu. Aandike jina la wimbo, mwimbaji, na mtunzi kama anamjua. Hao wanaomtumia kwa WhatsApp wataulizwa na watajibu haraka. Pili, kila mwisho wa mwezi atoe historia za siku zote za kazi azitume kwako. Wewe uzipeleke kwa chama kwa barua pepe pamoja na namba ya leseni yako, hata kama hujaombwa, ukiomba zitumike katika mgawo. Na kwa nini usimpe nakala yule kijana wa Kaloleni? Mwanachama anayekwenda ofisini kudai haki yake akiwa na karatasi inayosema wimbo wake ulipigwa klabu fulani katika usiku tisa tofauti ni mtu tofauti na anayekwenda na malalamiko matupu. Kama klabu za Mtwapa, Nyali na Diani zingefanya hivi mwaka mmoja tu, hakuna chama ambacho kingeweza tena kusema hakijui cha kugawa. Ninaliamini hili kwa dhati, na ninamwambia kila mwenye klabu anayekuja kwangu kwa hasira.

Mikisi ya Facebook ni habari nyingine, nitapita upesi. Leseni ya ukumbi inaishia ukutani. Kurusha mtandaoni ni matumizi mengine, na mitandao hiyo ina mashine zinazolinganisha sauti na rekodi zilizosajiliwa. Ikitambua wimbo inanyamazisha au inakata, bila kujali umelipa nini Kenya. Ukitaka watu wakuone, rusha vipande vifupi vya ukumbi na DJ akizungumza, au muweke mikisi kwenye huduma kama Mixcloud ambayo ina makubaliano na wenye haki kwa ajili ya seti za DJ, ukifuata masharti yake. Na kama DJ wako anauza mikisi kwenye fleshi kwa matatu, hapo ameingia kwenye kunakili na kuuza mali ya watu. Hiyo leseni yake ya DJ haiwezi kumkinga. Atahitaji ruhusa ya wenye nyimbo. Ikiwa una skrini zinazoonyesha video za muziki, ulizia pia Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, maana uonyeshaji una leseni yake. Na mkialikwa kupiga Tanga, leseni ya Kenya inabaki Kenya. Mwenye ukumbi wa kule ndiye atakayejibu mbele ya sheria ya Tanzania.

Kwa hali uliyonieleza, hivi ndivyo ningefanya wiki hii. Andika barua fupi kwa chama kilichotoa ankara, nakala kwa KECOBO. Sema umeipokea ankara tarehe fulani, hukatai kulipa mirabaha halali, na unaomba vitu vitatu: nakala ya leseni yao ya mwaka huu, mstari wa jedwali waliotumia pamoja na hesabu yake, na njia rasmi ya kulipa. Taja kwamba ofisa alikuachia namba ya simu binafsi, iandike. Eleza ukubwa wa ukumbi na siku unazofungua. Tuma kabla ya siku 14 kwisha, kwa barua pepe na kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakijibu vizuri, lipa, na ukishindwa kulipa kwa mkupuo omba kwa maandishi ulipe kwa awamu.

Barua hiyo unaweza kuiandika mwenyewe. Lakini mtafute wakili anayejua hakimiliki, ana kwa ana, ikiwa umeletewa hati ya mahakama, ikiwa vyombo vimechukuliwa, ikiwa unadaiwa malimbikizo ya miaka ya nyuma, ikiwa vyama viwili vinadai fungu moja la haki, au ikiwa umeitwa kituoni kuandika taarifa. Hapo usiende peke yako na usitie sahihi chochote. Mpelekee wakili ankara, vibali vyako vya kaunti, mkataba wa DJ na leseni yake, picha za ukumbi, risiti zote, na ile namba ya simu uliyoachiwa.